Alan Root alishuka majini na viboko, sasa Kivu atashuka nani?

Haya ni maneno niliyowaambia vijana wa kamera hapa Goma, mashariki ya Kongo, kando ya ziwa Kivu. Nimeyaandika karibu vilevile nilivyoyasema, salamu ndefu tu ndizo nimepunguza.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi baPapa na baMama mliokubali kukaa na kusikiliza, asanteni sana. Nimeombwa niongee juu ya kazi ya kamera na nikaambiwa nichague mtu mmoja, mtu ambaye maisha yake yanaweza kuwafaa nyinyi munaoanza, na sikuchukua muda mrefu, nikasema nitaongea juu ya Alan Root, mtu wa Kenya aliyepiga filme za wanyama. Wengi hapa jina hilo hamujalisikia. Lakini huyo mtu alilala juu ya Mikeno, mlima ule munaouona asubuhi mawingu yakifunguka, alipiga kambi huko 1963 akitafuta gorila na kamera, na ni yeye huyo huyo baadaye alishuka ndani ya maji katikati ya viboko na mamba akatoka na picha ambazo hakuna mtu aliyesimama kwenye mtumbwi angeweza kuziona, hata angeishi ziwani miaka themanini.

Kwa nini yeye? Kwa sababu hapa kwetu kamera imezoea vitu viwili, vita na volkano. Mgeni akitua na kamera kubwa hivyo viwili ndivyo anavitafuta, na sisi wenyewe tukipata kamera tunaanza na harusi, matanga, mikutano ya mashirika, halafu hali ikiharibika tunakimbilia huko, kwa sababu huko ndiko kuko anayelipa. Mimi nimesomesha watoto kwa kamera ya harusi na ninaiheshimu hiyo kazi mpaka leo. Lakini ziwa Kivu liko hapo. Kila asubuhi watu wanashuka na mabido, madumu ya plastiki, kuchota maji yake, tunapanda boti usiku kwenda Bukavu, tunakula sambaza wake, wale samaki wadogo, na fufu, na ni wangapi humu ndani wanajua kunafanana namna gani mita tano tu chini ya hiyo boti? Hilo linaniuma, kwa kweli, na ndilo limenileta.

Basi, Alan Root. Alizaliwa London tarehe 12 Mei 1937, wazazi wakahamia Kenya akiwa bado mtoto, na huko akakua akifuata ndege na nyoka porini. Kamera aliishika mapema sana. Wakati Bernhard Grzimek, profesa wa Kijerumani, na mwanawe Michael walikuwa wanazunguka Serengeti na ndege ndogo wakihesabu wanyama, Alan alikuwa kijana wao wa kamera. Januari 1959 ndege ya Michael iligongana na tai hewani ikaanguka, Michael akafa palepale. Fikirieni, Alan ana miaka 21, rafiki yake amekufa, filme haijaisha, na yeye alikuwa kati ya waliobaki kuimaliza. Waliimaliza. Hiyo filme ilichukua Oscar. Wengine wangesema sasa nimefika, nihamie Ulaya nikae mjini, yeye alirudi porini na akakaa huko maisha yake yote.

Mwaka wa 1961 alimuoa Joan Thorpe, mzaliwa wa Nairobi, na hapa ninaomba munisikilize vizuri, juu kila mahali munaposoma jina la Alan mujue kazi ilikuwa ya watu wawili. Joan ndiye alipanga safari, alipakia gari, alijua mafuta yamebaki kiasi gani na chakula kitafika lini, alilea wanyama yatima nyumbani kwao Naivasha, na zaidi ya hayo yote alivaa mtungi wa hewa akashuka majini pamoja na mume wake. Alan mwenyewe alikuwa mtu wa maneno na vichekesho, Joan alikuwa kimya, na dunia huwa inamuandika anayeongea. Dada zangu mulioko hapa munaobeba taa na kupanga ratiba na jina halitokei mwishoni mwa filme, dai jina lako.

Sasa Kabara. Kabara ni uwanda mdogo wa majani huko juu Mikeno, upande wetu wa Kongo, ndani ya park ya Virunga. Na kuko kitu ambacho watu wa kamera wa Goma wanapaswa kukijua, huko Kabara ndiko alizikwa Carl Akeley, Mmarekani aliyetengeneza kamera yake mwenyewe ya sinema ya kubeba porini, kamera iliyogeuka kirahisi kumfuata mnyama anayekimbia, na alikuwa mmoja wa watu waliosukuma hadi park ikaanzishwa 1925, ikiitwa park Albert wakati ule. Alirudi mwaka uliofuata, 1926, akaugua huko mlimani akafa. Kwa hiyo mlima wetu uko na kaburi la fundi wa kamera, na sijawahi kusikia mwalimu hata mmoja wa sinema hapa mjini akilitaja.

Alan na Joan walikuwa wamepiga kambi huko Kabara 1963 wakati alifika mwanamke mmoja Mmarekani, Dian Fossey, kama mtalii wa kawaida. Wangeweza kumwambia shuka mama utatuharibia kazi, wanyama wataogopa. Walimchukua wakaenda naye msituni, akawaona gorila kwa macho. Alipoamua kurudi kufanya utafiti, mwanzo wa 1967, Alan ndiye alifuatana naye barabarani kutoka Kenya mpaka huku, akamsaidia kusimamisha mahema huko juu, halafu akamuacha na kazi yake. Julai mwaka ule nchi ilikuwa imechafuka, askari wakamteremsha, akatoroka, na Septemba akafungua kambi ya Karisoke upande wa Rwanda. Dunia inajua Karisoke. Ilianzia kwetu, Kabara, na mkono wa mtu wa kamera ulikuwa ndani.

Haya, sasa niingie majini, kwa sababu huko ndiko ninakotaka tukae.

Kuko chemchemi inaitwa Mzima, ndani ya park ya Tsavo West, Kenya. Nyinyi watu wa Goma mutaielewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ni kazi ya volkano. Mvua inanyesha juu ya milima ya Chyulu, milima iliyojengwa na lava kama hii yetu, na munajua lava ilivyo, haikai na maji juu, maji yanazama, munamwaga bido moja uani na baada ya dakika hakuna alama. Huko Chyulu yanazama hivyohivyo, yanatembea chini kwa chini ndani ya mawe, yanachujwa, halafu yanatokea Mzima kwa nguvu, kiasi cha lita milioni 220 kwa siku, maji maangavu kabisa, na sehemu yake inaenda kwa mabomba mpaka Mombasa watu wanakunywa. Katikati ya nchi kavu yenye miiba na vumbi, unakuta dimbwi lenye viboko, mamba, kobe, ndege minandi wanaozamia, na samaki wengi wengi.

Alan alisimama juu ya lile dimbwi akaona kile ambacho kila mtu alikuwa anaona, masikio mawili, pua mbili, mgongo mweusi, basi. Watu walikuwa wamepiga picha za viboko miaka na miaka na zote zilikuwa ni hizo, pua na masikio. Akajiuliza huyu mnyama anafanya nini siku nzima huko chini. Na njia ya kujua ilikuwa moja, kushuka.

Walichokiona huko chini ndicho kilibadilisha namna watu wanamfikiria kiboko. Juu ya nchi kavu kiboko ni mzigo, tumbo karibu liguse ardhi, miguu mifupi. Chini ya maji ni kama hana uzito. Haogelei hata, anatembea kwenye sakafu ya dimbwi, anagusa chini kwa vidole, anajisukuma, anapaa kidogo, anatua tena, polepole, kama mama mnene anayecheza harusini muziki ukiwa mtamu na nafasi iko. Anaweza kukaa chini dakika tano hivi, pua amezifunga, halafu anapanda kuvuta hewa anarudi. Na samaki wanamfuata. Kuko samaki wa aina ya Labeo, wana midomo ya kunyonya chini ya kichwa, wanamzunguka wanamsafisha ngozi, wanaingia kati ya vidole, na kiboko anasimama, anafungua mdomo ule mkubwa wote munaoujua, na samaki wanaingia ndani kusafisha meno. Mnyama anayeua watu kila mwaka Afrika, amesimama ametulia mdomo wazi, samaki wanatoka na kuingia. Ile picha hakuna mtu angeiamini kwa maneno tu.

Halafu mavi. Niwaombe radhi wakubwa lakini hapa ndipo filme yote ya Mzima inasimamia. Kila usiku kiboko anatoka majini kula majani, anaweza kula kilo 40, asubuhi anarudi majini na anayaacha mengi humo. Alan alikaa na kamera pale mavi yanapomwagika na akaonyesha samaki wakija mbio, wengine wanakula yakiwa bado yanashuka, wadudu wanakula yaliyotua chini, samaki wadogo wanakula wadudu, minandi wanakula samaki wadogo, mamba anangoja. Kwa hiyo kiboko ndiye anayebeba majani ya nchi kavu na kuyaleta majini, na ukimuondoa kiboko umefunga jiko la wote. Alan hakuhitaji profesa wa kuelezea mbele ya ubao, ulikuwa unaona kwa macho, kitu kimoja kinaenda kwa kingine, na hiyo ndiyo kazi ya mtu wa kamera ninayoipenda kuliko zote.

Sasa fikiria vifaa walivyokuwa navyo. Kamera ya filme ya 16mm ndani ya kesoni, lile boksi la chuma lisiloingiza maji. Bobini ndogo, yaani roli ya filme, la futi 100 linakimbia na kuisha chini ya dakika tatu. Chini ya maji huwezi kufungua kesoni ubadilishe bobini, lazima upande juu, utoke, ujifute mikono, ufungue, uweke lingine, ufunge, ushuke, na kiboko ameshamaliza alichokuwa anafanya. Kwa hiyo kila ukibonyeza unapaswa kuwa na sababu. Halafu hakuna kiskrini cha kuangalia ulichopiga, filme inatumwa mbali kusafishwa na unangoja. Halafu maji yenyewe yanadanganya macho, kioo cha maski kinafanya kitu kionekane kikubwa zaidi na karibu zaidi kuliko kilivyo, unanyosha mkono haufiki. Na rangi zinakufa, nyekundu ndiyo ya kwanza, ukishuka mita chache tu uso wa mtu unakuwa wa buluu, ndiyo maana wanashuka na taa au wanapiga karibu karibu na jua likiwa juu kabisa. Ukiwa mbali, kati yako na mnyama kuko vumbi la maji, picha inakuwa uji. Lazima usogee. Ndiyo siri kubwa ya picha za chini ya maji, lensi pana na mwili karibu, zoom huko chini haikusaidii kitu.

Na kusogea kwa kiboko munajua wenyewe maana yake. Kwa hiyo walikaa. Hilo ndilo neno ninalotaka muondoke nalo kuhusu huyu mtu, alikaa. Filme yake moja ya chini ya saa moja ilikuwa inaweza kula mwaka au miaka miwili, wanyama wanamzoea, wanamchoka, wanaendelea na maisha yao, ndipo anaanza kupata kitu. Leo kijana anataka apige asubuhi, jioni iko kwenye simu za watu. Ninaelewa, njaa iko, lakini kuko vitu ambavyo havitajitokeza asubuhi moja kwa sababu wewe umeamka na kamera.

Siku moja huko Mzima dume la kiboko likawajia. Jino likapita kwenye maski ya Joan, likapasua, uso wenyewe ukapona padogo sana. Halafu likamkamata Alan mguu, likang'ata nyama chini ya goti likatoboa tundu kubwa, likamtikisa, likamuacha. Alikimbizwa Nairobi hospitali na mguu ukaponea chupuchupu. Wakati mwingine nyoka aina ya kifutu alimuuma mkono akapoteza kidole cha shahada. Na miaka ya 80, akipiga picha za gorila kwa ajili ya sinema ile kubwa ya Marekani juu ya Dian Fossey, dume likamng'ata paja. Wanaomsifu wanapenda kuanza na majeraha haya, mimi nimeyaweka katikati na nitayapita haraka. Kwa maoni yangu mara nyingine alisogea kupita kiasi, na mnyama anayeng'ata ni mnyama aliyekwisha kusema ondoka na hakusikilizwa. Kijana asiende kutafuta kovu ili aitwe mtu wa kamera.

Tuje kwetu Virunga. Ziwa Edouard, na vijiji vyake vya wavuvi, Vitshumbi, Kyavinyonge, Nyakakoma, kila mtu hapa amekula samaki wa huko. Miaka ya 1970 park ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000, hakukuwa mahali pengine duniani penye viboko wengi kama pale. Kufikia 2006 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Vita, bunduki kila kona, nyama iliuzwa, meno yaliuzwa. Na wavuvi wengi wa huko wanalisema wazi, viboko walipoisha nyavu zikaanza kupanda nyepesi. Wenye sayansi watakuambia kuko sababu nyingine pia, wavuvi wamezidi, nyavu za matundu madogo, samaki wanavuliwa kabla hawajazaa, na ni kweli. Lakini mtu aliyeona zile picha za Mzima, samaki wakikimbilia yale mavi, hahitaji kushawishiwa sana. Niwaulize, kama mtoto wa Vitshumbi angeonyeshwa hizo picha 1975, shuleni, kwa lugha yake, kwenye ukuta uliopakwa chokaa? Sisemi bunduki zingenyamaza. Ninasema angalau angejua kile kinachouzwa pale sokoni ni nini, kwamba ile nyama ni samaki wake wa kesho.

Hizo picha hazikufika. Zilitengenezwa kwa televisheni ya Uingereza, kampuni ya Anglia kwenye kipindi chao cha wanyama, zikaenda Marekani, watu milioni na milioni wakaziangalia, na mtu anayeishi na kiboko mlangoni hakuziona. Kosa hili simtwiki Alan peke yake, hivyo ndivyo pesa ilivyokuwa inatembea na bado inatembea hivyo. Lakini ndiyo sababu ninataka kamera itoke hapa.

Mengine nitayapita mbio. Alipiga filme ndani ya kichuguu cha mchwa, akaingiza taa na lensi ndani ya ule mji wao, na hiyo iliteuliwa kuwania Oscar. Alifuata nyumbu Serengeti. Yeye na Joan walipita juu ya Kilimanjaro na puto la hewa ya moto, wa kwanza kufanya hivyo, na ndiye alianzisha biashara ya watalii kupanda puto Maasai Mara. Alirudi Kongo tena, Ituri, Epulu, kupiga msitu na okapi. Na kitu kimoja ninachokipenda, aliwavuta vijana wengine kwenye kazi, Mark Deeble na Victoria Stone, watu waliojua kupiga chini ya maji, nao wakarudi Mzima ileile baadaye na kamera bora wakapiga tena wale viboko na samaki, wakaenda na Tanganyika pia, kwa wale samaki wadogo wanaoishi ndani ya maganda ya konokono. Tanganyika ni yetu nasi jamani, Uvira iko hapo.

Na Joan. Yeye na Alan waliachana, Joan akabaki Naivasha kando ya ziwa. Ziwa lilikuwa linaharibika, nyavu haramu, samaki wachanga wanavuliwa, mashamba makubwa ya maua yanavuta maji, na huyu mama aliyekuwa kimya maisha yote ndiye alisimama. Aliwalipa vijana wafanye doria ziwani, baadhi yao walikuwa wavuvi haramu wa zamani. Tarehe 13 Januari 2006 watu wenye bunduki walikuja nyumbani kwake usiku wakamuua. Alikuwa karibu kufikisha miaka 70. Mimi nikisoma habari zake huwa ninawafikiria walinzi wetu wa Virunga, kwa sababu hapa hakuna anayehitaji kuelezewa maana ya mtu kuuawa kwa sababu ya ziwa au msitu. Alan alifariki Agosti 2017, miaka 80.

Sasa Kivu. Vijana, hili si ziwa la kawaida na sitaki muingie kama munaingia bwawa la hoteli. Liko karibu mita 1,460 juu ya bahari na kina chake kinafika mita 480 hivi. Samaki na kila kinachopumua kinaishi tabaka la juu tu, mita kama 60, chini ya hapo hakuna oksijeni. Huko chini kabisa maji yana chumvi na, kinyume na maziwa mengine, yana joto kuliko ya juu, na yamebeba gesi, metani kiasi cha kilomita za ujazo 60 na gesi kaboni 300. Sambaza tunaowaita wetu walitoka Tanganyika, waliletwa mwisho wa miaka ya 1950 na wakakubali mahali. Na tarehe 17 Januari 2002 sisi tulikuwa hapa, lava ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani inachemka. Ile lava ingali humo chini. Mji mzima tulipiga picha mawe ya juu, tukajenga juu yake. Iliyoingia majini imeotwa na nini sasa? Kaa wanaishi humo? Samaki wanataga kwenye mashimo yake? Hapa ninaona filme, na haihitaji mnyama mkubwa wala ndege.

Filme nyingine ni sambaza wenyewe. Munajua mitumbwi yetu mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu mbele na nyuma, wavu katikati, taa, na waimbaji wakipiga kasia jioni. Watalii wameipiga kutoka ufukweni mpaka tumechoka. Lakini pale taa inapowaka usiku na sambaza wanaanza kuja, upande wa chini, hapo ndipo tukio liko. Kamera ikiangalia juu, taa inaonekana inatikisika juu ya maji, kivuli cha mitumbwi mitatu, na samaki wadogo wanazunguka, wanaongezeka, wanang'aa kila wakigeuka, halafu wavu unapanda. Mvuvi mwenyewe hajawahi kuiona sura hiyo ya kazi yake. Mpigie, halafu mpelekee aione yeye wa kwanza.

Namna ya kuanza, niseme kwa kifupi. Usinunue kitu cha bei kubwa. Kuko vikesoni vya plastiki vya simu na kuko kamera ndogo zisizoogopa maji. Kabla ya kuweka simu ndani, funga kesoni ikiwa tupu, weka kipande cha karatasi laini ya chooni ndani, ishushe na kamba mpaka mita kumi, iache nusu saa, ivute. Karatasi ikiwa kavu, weka simu. Ikiwa imelowa hata kidogo, toa ule mpira mwembamba wa duara, uangalie kwenye mwanga, utakuta unywele au chembe ya mchanga, na hapa kwetu ni lile vumbi jeusi la lava, linaingia kila mahali. Futa kwa kidole, si kwa kitambaa, kitambaa kinaacha nyuzi. Paka mafuta yake kidogo sana. Rudia mpaka karatasi itoke kavu.

Na usalama, hapa sitanii. Anayetaka mitungi ya hewa aende akafundishwe na apate cheti, na amwambie mwalimu wake wazi kwamba atazamia mita 1,460 juu ya bahari, kwa sababu hesabu za kuzamia zilizopangwa kwa bahari hazifai hapa, hewa yetu ni nyepesi na gesi iliyoingia mwilini inageuka mapovu kirahisi zaidi, mtu anapanda anacheka na baada ya saa moja viungo vinamuuma au miguu haisikii. Kabla ya mitungi kuko miaka ya kufanya kazi na maski na mapezi tu, kwa pumzi yako mwenyewe, mita tatu, mita nne, na hapo ndipo kuko mwanga mzuri hata hivyo. Usiingie peke yako, hata kama unaogelea vipi. Na mazuku, munaijua, ile hewa mbaya inakaa kwenye mabonde ya ufukwe asubuhi mapema upepo ukiwa hakuna, imeua watu na mbuzi. Muulize mwenyeji wa pale mahali, kila ufukwe uko na mama anayefua anayejua kona gani haiingiwi.

Wengi hapa hamujui kuogelea, ninajua, watoto wa ziwa tusiojua maji, kwa sababu wazazi walituogopesha na walikuwa na sababu. Basi tuanze na hiyo. Jumamosi saa tatu, jua likiwa limekwisha kupanda na upepo umeanza, tunakutana ufukweni upande wa Himbi, niko na rafiki aliyefundisha watoto wengi kuogelea na amekubali kutufundisha bila pesa. Leteni taulo, leteni chupa moja tupu ya plastiki yenye kifuniko, ya kujishikilia. Simu ziacheni nyumbani kwa mara hii ya kwanza. Dada zetu mje, kutakuwa na mama wa kuwasimamia upande wenu. Wenye maswali ya lensi na kesoni nitabaki hapa mlangoni mpaka wafunge chumba.